Kioo Kwanza: Kununua Kamera ya Bei Nafuu Mombasa

Ukipewa kamera iliyotumika uitazame, usiiwashe kwanza. Itoe lenzi, vua vifuniko vya mbele na nyuma, washa tochi ya simu, imulike lenzi kwa nyuma kimshazari, kisha uchungulie kwa mbele. Lenzi ya Canon ikishatolewa tundu lake la kupitisha mwanga hubaki wazi, kwa hivyo utaona mpaka ndani. Ya Nikon hujifunga yenyewe; sukuma kwa ukucha kile kijiti kidogo cha chuma kilicho nyuma, tundu lifunguke. Kioo kisafi kitakuonyesha mwanga na chembe mbili tatu za vumbi, ambazo hazina neno. Kioo chenye kuvu kitakuonyesha nyuzi nyembamba nyeupe zinazotambaa kutoka ukingoni kwenda katikati, zikigawanyika kama mizizi ya jani lililong'olewa mchangani. Vumbi ni nukta. Kuvu ina matawi. Muuzaji akikwambia, "Hilo vumbi tu, kaka, linapanguswa," mwonyeshe matawi.

Naanza na tochi kwa sababu hapa ndipo pesa za watu wengi wa pwani zinapopotea. Mnunuzi huuliza megapikseli ngapi, zumu kiasi gani, ya mwaka gani, lenzi haimuliki. Na hewa ya Mombasa haina huruma na lenzi. Unyevu wake aghalabu hupita asilimia 70, nayo kuvu huota unyevu ukikaa juu ya asilimia 60 hivi kwa siku nyingi mfululizo, mahali pa giza pasipopita hewa. Droo ya kabati la nguo ni shamba zuri kwake. Mkoba wa ngozi ni shamba zuri zaidi, maana ngozi yenyewe ni chakula. Mbegu za kuvu zimo hewani kila mahali, huwezi kuzikimbia. Zikishaota hutoa asidi inayokula ule utando wa rangi ya zambarau au kijani uliopakwa juu ya kioo ili kupunguza mng'ao. Utando ukishaliwa, hata fundi akiipangusa kuvu yote, alama zake hubaki.

Kuvu kidogo ya ukingoni haionekani kwenye picha ya mchana ikiwa jua liko mgongoni mwako. Geuka ulielekee jua, au piga picha ukumbini penye taa kali nyuma ya bibi harusi, ndipo picha inapofifia kama iliyopigwa kupitia chandarua. Kwa hivyo lenzi ya namna hiyo ina bei yake, lakini si bei ya lenzi safi. Kuvu ikiwa imefika katikati ya kioo cha ndani, iache. Fundi wa kuifungua, kuisafisha na kuipanga upya vioo vyake sawasawa hapatikani kila mtaa, na kwa lenzi ndogo kama ile ya 18-55mm inayokuja na kamera, malipo yake huenda yakazidi thamani ya lenzi nyingine iliyo safi.

Kamera ya bei nafuu kwa mtu wa pwani, basi, ni mwili wa zamani, yaani kamera yenyewe bila lenzi, wenye lenzi safi, na pesa kidogo ulizobakiza za kuitunza. Chukua bajeti yako uigawe mafungu matano. Manne ni ya kamera na lenzi. La tano ni la kadi, betri ya pili, sanduku la kuhifadhia na chembe za kukausha unyevu. Anayemaliza mafungu yote matano kwenye kamera hununua kitu ambacho baada ya masika mawili hakitamfaa.

Kwa nini iliyotumika

Mwaka 2010, CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, kilihesabu kamera za dijitali zaidi ya milioni 120 zilizotoka viwandani. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Simu ndiyo iliyozimeza. Lakini zile mamilioni ya kamera hazikuyeyuka. Nyingi zimelala makabatini zikiwa nzima kabisa. Tena kampuni kubwa zimehamia kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, kwa hivyo DSLR, zile zenye kioo kinachoruka unapobonyeza, zimeshuka bei ingawa picha zake ni zilezile zilizosifiwa zilipotoka.

Upande wa pili kuna kamera mpya zisizo na jina la kueleweka, zilizofungwa kwenye maboksi yanayong'aa: megapikseli 48, video ya 4K, zumu mara 16. Tafadhali usizinunue. Ndani yake mna sensa, kile kibati kinachopokea mwanga badala ya filamu, ndogo kama ya simu ya bei ya chini, na hizo megapikseli zimevimbishwa na programu. Zumu yenyewe ni ya dijitali: kamera hukata kipande cha katikati cha picha na kukivuta. Kipande cha kanga hata ukikivuta vipi hakiwi doti. Namna ya kuzitambua ni rahisi. Bonyeza zumu uitazame lenzi. Kama haisogei wala hakuna kinachosogea ndani yake, zumu hiyo ni ya programu. Kisha soma duara la lenzi. Lenzi ya zumu ya kweli huandikwa milimita zake mbili na tundu lake, mfano 18-55mm 1:3.5-5.6.

Ukubwa wa sensa ndio unaoamua mengi kuliko megapikseli. Kamera ndogo nyingi za mfukoni zina sensa inayoitwa 1/2.3, kama milimita 6.2 kwa 4.6. Sensa ya inchi moja ni 13.2 kwa 8.8, eneo lake mara nne ya ile. Sensa ya APS-C iliyo kwenye DSLR za kawaida za Canon ni 22.3 kwa 14.9, eneo lake kama mara 12. Eneo kubwa hukusanya mwanga mwingi, na mwanga mwingi ni chengachenga chache kwenye picha ya usiku. Kama tayari una simu nzuri ya miaka ya karibuni, kamera ya mfukoni yenye sensa ya 1/2.3 haitaishinda kwa ubora. Itakupa zumu ya kweli na flashi ya kweli, basi. Ukitaka tofauti inayoonekana kwa jicho, anzia sensa ya inchi moja kwenda juu.

Kuhusu megapikseli, hesabu ni fupi. Picha ya inchi 6 kwa 4 ya kubandika kwenye albamu, ikichapishwa kwa nukta 300 kila inchi, inahitaji pikseli 1800 kwa 1200. Hizo ni megapikseli 2 na kidogo. Ukurasa mzima wa A4 ni chini ya 9. Kamera ya megapikseli 12 inakutosha kwa kila jambo la nyumbani na kwa kazi nyingi za kulipwa.

Kuna sababu nyingine ya kupenda DSLR ambayo watu wa nchi za baridi hawaifikirii. Simama Mama Ngina saa saba mchana na simu mkononi, ujaribu kupiga picha ya meli inayoingia Kilindini. Kioo cha simu hakionekani. Unajiona uso wako mwenyewe na jua. Kamera yenye tundu la kuchungulia hukuondolea tabu hiyo yote. Unaweka jicho, unaona bahari, meli na mawingu, unabonyeza. Kwa mji wenye jua kama letu, ningeweka tundu la kuchungulia mbele ya karibu kila kitu kingine kilichoandikwa kwenye boksi.

Za kutafuta

Canon 600D ya mwaka 2011, megapikseli 18, ndiyo ningemwelekeza mtu anayeanza. Kioo chake cha nyuma hufunguka na kugeuka, na lenzi yoyote ya Canon yenye alama ya EF, tangu zilipoanza mwaka 1987, itajifokasi humo, yaani itajilenga yenyewe picha itoke wazi, kwa sababu mota imo ndani ya lenzi. 1100D ya mwaka huohuo ni nyepesi zaidi, megapikseli 12, plastiki yake hafifu lakini picha zake safi. Kwa upande wa Nikon kuna D3100 ya mwaka 2010 na D3200 ya mwaka 2012. Sensa ya D3200 ni nzuri kuliko ya 600D, hasa ukitaka kung'arisha vivuli vya picha kwenye kompyuta.

Lakini na Nikon hizi ndogo kuna mtego. Hazina mota ya fokasi mwilini. Lenzi iliyoandikwa AF pekee, au AF-D, itaingia, itapiga, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Na usibebwe ukachukua AF-P kwa kuwa ni mpya zaidi: kwenye D3100 na D3200 haifokasi, si kwa mota wala kwa mkono, kwa sababu pete yake nayo hutegemea umeme ambao miili hiyo haijui kuuongoza. Ni lenzi nzuri kwenye mwili usio wake.

Anayetaka kitu kidogo cha mkobani atafute Sony a6000 ya mwaka 2014, sensa ya APS-C, tundu la kuchungulia la umeme. Au Sony RX100 ya kwanza, ya mwaka 2012, sensa ya inchi moja, inaingia mfuko wa kanzu. Ubaya wa a6000 ni betri. Kwa kipimo cha CIPA hupiga picha kama 360 kwa chaji moja, wakati D3100 hufika 550. Siku ya harusi, na stima ikipotea, tofauti hiyo utaijua.

Bidhaa zinazofika hapa hutoka pande nyingi, na kamera moja huwa na majina matatu. Canon 600D Marekani inaitwa Rebel T3i, Japani inaitwa Kiss X5. 1100D ni Rebel T3 na Kiss X50. 700D ni Rebel T5i na Kiss X7i. Ni kitu kilekile, na mara nyingine wenye Kiss huiuza chini kwa sababu wanunuzi hawaijui. Hapo mjuzi ndipo anapofaidi. Ila Sony zilizotengenezewa soko la Japani menyu yake ni ya Kijapani tu, haibadiliki. Ingia menyu, tafuta lugha, uone Kiingereza kwa macho yako kabla ya kutoa simu kutuma pesa. Na chaja yake tazama maandishi ya mgongoni: ikiwa 100-240V, unahitaji kibadilisha plagi tu. Ikiwa 100V peke yake, usiichomeke kwenye umeme wetu wa 240V.

Kuikagua

Nenda mchana, na kadi yako mwenyewe ya memori na betri ya akiba ikiwezekana. Kagua kwa mpango huu, na usiharakishwe. Muuzaji mkweli hatakukimbiza.

Anza na vitu ambavyo chumvi huvishika. Tazama skrubu za chini, reli ya juu inapoingizwa flashi, na pete ya chuma ya lenzi. Skrubu zenye kutu nyekundu zinasema kamera imekaa ufuoni bila kupanguswa. Fungua mlango wa betri. Vibati vya shaba vikiwa na ukoga wa kijani, maji au jasho limeingia, na ukoga huo huenda umeendelea ndani usikofika. Hiyo rudisha. Mpira wa kushikia ukinata vidoleni au ukiwa umebanduka, ni uzee tu; gundi ya mpira inautengeneza.

Betri ilaze juu ya meza ya kioo uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, imevimba. Betri iliyovimba huweza kukwama ndani ya kamera, na si salama kuichaji. Soma na namba yake, kwa sababu ndiyo utakayoitafuta dukani: 600D na 700D hutumia LP-E8, 1100D hutumia LP-E10, D3100 na D3200 hutumia EN-EL14, a6000 hutumia NP-FW50. Betri za kampuni nyingine hufaa kwa bei ndogo, ila EN-EL14 za kuiga mara nyingine hukataliwa baada ya programu ya Nikon kusasishwa. Ijaribu ndani ya kamera kabla ya kulipa.

Sasa iwashe. Weka gurudumu la juu kwenye A au Av, tundu f/16, na upige anga tupu au ukuta mweupe fokasi ikiwa imepotezwa kwa makusudi. Ikuze picha uipitie kona hadi kona. Madoa meusi yenye kingo laini ni vumbi juu ya sensa. Mawili matatu hupulizwa kwa pampu ya mpira. Yakijaa kama upele, au yakiwa na umbo la matone yaliyokauka, omba bei ishuke au uondoke. Kisha funika lenzi kwa kifuniko chake, piga sekunde moja kwa ISO 800 (ISO ni wepesi wa sensa kuhisi mwanga). Nukta za rangi nyekundu, bluu au nyeupe kwenye giza hilo ni pikseli zilizoungua. Tano au sita si kitu. Mstari mzima ni sensa inayokufa.

Piga picha kumi mfululizo kwa kasi tofauti za shata, lile pazia linalofunguka kupitisha mwanga: 1/4000 ya sekunde, 1/500, 1/60, sekunde moja. Zote ziwe na mwanga sawa toka juu hadi chini. Picha ya 1/4000 ikiwa na utepe mweusi upande mmoja, shata imechoka. Shata za kamera za daraja hili hukadiriwa kama mibonyezo 100,000. Baadhi hupita mbali, baadhi hazifiki. Kwa Nikon idadi imeandikwa ndani ya faili la picha yenyewe, na programu ya kusoma taarifa za picha itakuonyesha. Kwa Canon nyingi haimo kwenye faili. Kuipata kunahitaji waya na programu ya kompyuta. Muuzaji asikutumie picha hiyo kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa kuwa WhatsApp hufuta taarifa zote hizo. Aitume kama hati, au uitoe mwenyewe kwenye kadi.

Zungusha pete ya zumu polepole, sikio karibu. Ikienda laini, vizuri. Ukisikia mkwaruzo kama wa kusaga chikichi, mna mchanga, na mchanga haujitoi. Kwa kamera za mfukoni ambazo lenzi yake hutoka na kuingia, mchanga ndio muuaji mkubwa: chembe moja hukwamisha mota, kamera ikaandika kosa la lenzi na kujizima. Izime na kuiwasha mara kumi. Lenzi ikitoka kwa kusitasita hata mara moja, mwachie mwenyewe.

Lenzi ya pili

Lenzi ya 18-55mm inayokuja na kamera inatosha kwa mwaka wa kwanza. Kwenye Canon tafuta iliyoandikwa IS, ile inayotuliza mtikisiko wa mkono. Kuna toleo la III lisilo na IS ambalo liliuzwa pamoja na 1100D nyingi, na kwa bei sawa huna haja nalo. Kwa Nikon herufi ni VR. Lakini kumbuka kinachotulizwa ni mkono wako. Mtoto anayekimbia hatulizwi na herufi yoyote. Yeye anataka 1/500. Watu waliosimama kupigwa picha wanataka 1/60, wanaotembea 1/125.

Kinachokosekana kwenye 18-55mm ni mwanga. Ikivutwa mwisho tundu lake ni f/5.6. Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga kama mara kumi zaidi ya huo. Ukumbi wa harusi za usiku, wenye taa za rangi na mapambo, ndiko utakakoiona faida yake: badala ya ISO 6400 iliyojaa chengachenga, unapiga ISO 800 au 1600 na nyuso zinatoka laini. Canon 50mm f/1.8 STM, iliyotoka 2015, na Nikon 35mm f/1.8G DX ya mwaka 2009 ndizo lenzi ambazo thamani yake inaizidi mbali bei yake.

Kati ya hizo mbili kuna jambo la vipimo. Kwenye sensa ya Canon ya APS-C, 50mm huona kama 80mm ya kamera ya filamu, yaani huona eneo jembamba. Kwa sura ya mtu ni tamu. Ukiingia nayo Mji wa Kale, kwenye vichochoro vya nyuma ya Ndia Kuu, huwezi kurudi nyuma. Mgongo umegota ukuta na mlango wa nakshi haujaingia wote. Pale unataka 18mm ya lenzi ya kawaida, au Canon 24mm f/2.8 STM ambayo ni nyembamba kama kisahani na inafaa kushinda nayo kutwa. Anayependa mitaa na majengo kuliko sura aanze na hiyo 24mm.

Kanzu, buibui na jua la utosini

Hili linahusu matumizi, lakini wengi huuza kamera nzuri kwa kudhani ni mbovu, kumbe ni hesabu ya mwanga. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hudhani kila unachopiga kina wastani wa kijivu. Mpige mzee mwenye kanzu nyeupe mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kamera itasema mwanga umezidi, itaupunguza, na kanzu itatoka ya kijivu na uso mweusi tititi. Ongeza +1 kwenye kipimo cha kufidia mwanga. Kwa Canon ndogo shikilia kitufe cha Av ± uzungushe gurudumu. Kwa Nikon ndogo ni kitufe cha ± kilicho karibu na kitufe cha kupigia picha. Kanzu itarudi nyeupe na macho ya mzee yataonekana. Kwa dada mwenye buibui jeusi lililojaza picha, kinyume chake: punguza -0.7, la sivyo buibui litatoka la kijivu na uso utaungua.

Siku ya Idi, safu za kanzu nyeupe zikiwa zimejaa uwanja mzima, piga picha moja, tazama ile grafu ya mwanga nyuma ya kamera. Kilima chake kikiwa kimegota ukuta wa kulia, weupe umeungua na hakuna programu itakayourudisha. Shusha kutoka +1 hadi +0.7, piga tena.

Sisi tuko digrii nne tu kusini ya ikweta. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa jua liko juu ya utosi na macho yote huwa mashimo meusi. Mlete mtu kwenye kivuli cha baraza, uso ukitazama nje kwenye mwanga, au washa flashi ndogo ya kamera mchana huohuo ijaze kivuli cha paji la uso. Watu wengi huishangaa flashi ya mchana. Hapa kwetu ndiyo kazi yake hasa. Na jioni kuwa tayari mapema, kwa kuwa jua likishatua una dakika ishirini hivi za mwanga wa kufaa, kisha giza.

Kadi, na kuzitoa picha

Kadi ya GB 32 yenye alama ya kasi ya Class 10 au U1 inatosha. Kwenye 600D hubeba JPEG, picha za kawaida, zaidi ya elfu nne, au RAW, faili ghafi za sensa, kama elfu moja na mia mbili. Kadi za kuiga ziko tele: juu zimeandikwa 64, ndani ni 8, na zikishajaa hizo 8 picha mpya hupotea kimya kimya. Kabla ya kuipeleka kazini ijaze kwa H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux. Programu hizo huandika kadi nzima na kuisoma tena, uongo ukadhihirika. Epuka kamera zinazotumia kadi za xD au Memory Stick za zamani, hata zikiwa za bei ya kutupa.

Kamera nyingi nilizozitaja hazina WiFi. Kisoma kadi kidogo chenye plagi ya simu yako kinatatua hilo kwa dakika moja. Piga RAW pamoja na JPEG, JPEG iende kwa simu, RAW ibaki ya kusahihisha.

Kuitunza

Nunua chombo cha plastiki cha chakula chenye mpira wa kuzuia hewa kwenye kifuniko, ukubwa wa lita 10 hivi. Weka ndani gramu 200 hadi 250 za silika jeli ya rangi ya chungwa na kipima unyevu kidogo chenye mshale kama saa. Unataka kisome kati ya asilimia 40 na 50. Chini ya 30 nako si kuzuri; mpira na grisi za ndani hukauka. Mchele haufai, unaleta vumbi na wadudu, na unyevu inaoufyonza ni mdogo mno.

Ukitoka pwani, ipanguse kamera yote kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya bomba na kukamuliwa mpaka karibu kukauka, kisha kwa kikavu. Chumvi haipulizwi, huondolewa kwa maji. Usibadilishe lenzi ufuoni wala juu ya feri ya Likoni, upepo wa Kusi hupeperusha chumvi na mchanga hadi kwenye sensa. Ukiwa chumba cha kiyoyozi na unataka kutoka nje, itie kwanza kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, utoke nayo, uiache nusu saa ipate joto. Umande utashika mfuko, usishike kioo.

Chembe za silika zikigeuka kutoka chungwa kuwa kijani zimeshiba maji. Zitandaze kwenye trei isiyo ya kupikia, uitie kwenye oveni, joto la digrii 120, saa mbili hadi tatu, mpaka rangi irudi. Wakati wa masika kazi hii huja kila wiki mbili tatu, kutegemea unafungua chombo mara ngapi. Zikipoa ndani ya chupa iliyofungwa, zirudishe chomboni, na kwa kuwa kamera iko nje tayari, imulike tena lenzi kwa tochi kabla ya kuifungia.